Kadi ya Michoro, Joto na Vumbi la Nakuru

Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini ya kompyuta, kuanzia herufi za barua hadi uwanja wa mpira ndani ya gemu. Mara nyingi ndiyo pia inayokula umeme mwingi kuliko sehemu nyingine zote. GeForce GTX 1650, kadi ndogo ya saiba na vyumba vya gemu, hutumia wati 75 ikiwa kazini. RTX 3060 hutumia wati 170, na RTX 4090 hufika wati 450, karibu nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000. Karibu umeme huo wote huishia kuwa joto, nalo hutoka kwenye chipu moja ndogo kuliko sanduku la kiberiti. Juu ya chipu hulazwa kipoza joto cha vibati vyembamba vya alumini, na feni hupuliza hewa kati ya vibati hivyo. Usalama wa kadi unategemea hewa hiyo.

Mtu akiandika barua au kusoma habari, kadi hukaa kati ya nyuzi 30 na 50 za Selsiasi. Kadi nyingi za kisasa huzima feni zake kabisa katika hali hiyo, kwa hiyo feni iliyosimama si lazima iwe imekufa. Gemu au kazi ya kuhariri video ikianza, nyuzi 60 hadi 80 ni kawaida. Kati ya 80 na 85 kadi bado iko salama, ila imebakiwa na nafasi ndogo. Kipimo kikizoea kupita 85, kuna jambo la kurekebishwa.

Kila kadi ina kikomo chake kilichowekwa na mtengenezaji. NVIDIA imeweka nyuzi 97 kwa GTX 1050 Ti, 94 kwa GTX 1060, 93 kwa RTX 3060 na 90 kwa RTX 4060. AMD hutazama zaidi sehemu yenye joto kali kuliko zote ndani ya chipu, na kwa kadi kama RX 5700 XT sehemu hiyo inaruhusiwa kufika nyuzi 110. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana bure kuhusu joto la kadi zao: mmoja anasoma wastani wa chipu, mwingine anasoma mahali palipo moto zaidi, na tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 kati ya vipimo hivyo si ajabu. Chipu za kumbukumbu zilizoizunguka chipu kuu nazo zina vipimo vyake, na katika kadi zenye kumbukumbu za GDDR6X huweza kupata joto kuliko chipu kuu yenyewe.

Kadi haiungui mara tu inapofika kikomo. Kwanza hujipunguzia kasi na umeme ili ipoe, na mchezaji huona picha zikianza kukwamakwama. Joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima. Hasara kubwa zaidi huja polepole. Kapasita za kemikali huchakaa haraka zaidi kadiri zinavyopata joto, na kanuni ya wahandisi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Grisi na mafuta ya feni hukauka, nayo feni huanza kulia.

Kuhusu joto hilo, Nakuru ina mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni ubaridi. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana hufika nyuzi 25 au 26, na usiku hushuka hadi 10 au 12. Mtu aliyetoka Mombasa angedhani kadi hapa haina shida yoyote. La pili ni wepesi wa hewa. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. Feni inaweza kuzunguka kwa kasi ileile na kusukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa pungufu kwa sehemu moja katika tano, na hewa ndiyo mchukuzi wa joto.

Hesabu ya kukadiria huonyesha matokeo. Kadi inayopanda nyuzi 45 juu ya joto la chumba itasoma 76 katika chumba cha Mombasa chenye nyuzi 31. Ikiletwa Nakuru katika chumba cha nyuzi 24, ingetarajiwa isome 69. Hewa nyepesi inaweza kuongeza nyuzi tano hadi saba, na kipimo kikarudi karibu palepale. Ubaridi wa Nakuru umelipia wepesi wa hewa, basi. Hakuna akiba kubwa iliyobaki.

Wajenzi wa vituo vikubwa vya kompyuta huihesabu tofauti hiyo rasmi. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa upoozaji chenye makao Marekani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye mitambo iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa madaraja yake ya kawaida ya vituo vya data, unaagiza kiwango cha juu kinachoruhusiwa kipunguzwe nyuzi moja kwa kila mita 300 juu ya mita 900. Kwa mwinuko wa Nakuru hiyo ni karibu nyuzi tatu. Hesabu hiyo inahusu Kaunti ya Nakuru moja kwa moja, kwani Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, kilichokusudiwa kutumia umeme wa mvuke wa ardhini.

Nyumbani na saiba, hata hivyo, adui mkubwa ni vumbi. Jina lenyewe la Nakuru, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Udongo wa hapa ni wa majivu ya volkano, mwepesi wa kupeperuka, na kuanzia Januari hadi Machi upepo huuingiza kila penye upenyo. Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, udongo mweupe wa mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Moja ya matumizi yake ni kuzuia joto lisipite. Vumbi la barabarani si diatomaiti tupu, lakini hufanya kazi kwa namna hiyohiyo: chembe zilizoshikana hufungia hewa katikati yake na kuwa blanketi.

Blanketi hilo huonekana kesi ya kompyuta ikifunguliwa. Kwenye kompyuta iliyokaa sakafuni mwaka mzima, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, utando wa rangi ya majivu huwa umeziba nafasi kati ya vibati vya alumini, chini kabisa ya feni, mahali ambapo jicho halifiki bila tochi. Feni inazunguka, tena kwa kelele, lakini hewa inagonga utando na kurudi.

Kusafisha si kazi ngumu. Kompyuta huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, na kesi hutolewa nje. Vumbi hupulizwa kwa blowa, huku feni ikishikiliwa kwa kidole, maana ikiachwa izungushwe na upepo huo inaweza kupita kasi yake na kuharibu beringi. Palipobaki husuguliwa kwa brashi laini iliyo kavu. Kitambaa kibichi hakitumiki. Kisha kompyuta huwekwa juu ya meza, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ili hewa moto ipate njia ya kutoka.

Kama joto halishuki baada ya usafi, pesti iliyo kati ya chipu na kipoza joto huenda imekauka. Hilo ni la kawaida kwa kadi za mitumba, zikiwemo zilizotumika kuchimba sarafu ya Ethereum hadi Septemba 2022, mtandao huo ulipoacha kutumia kadi za michoro. Kubadilisha pesti ni kazi ya fundi aliyezoea.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa. Windows 10 iliyosasishwa na Windows 11 huonyesha joto la kadi nyingi ndani ya Task Manager, na programu za bure kama GPU-Z na HWiNFO huonyesha pia sehemu moto zaidi. Inafaa kusoma baada ya nusu saa ya gemu na kuandika namba hiyo pembeni, kwa sababu mabadiliko yake husema zaidi kuliko namba moja. Kadi iliyosoma nyuzi 75 mwezi wa Mei na inayosoma 88 mwezi wa Februari, kwa gemu ileile katika chumba kilekile, mara nyingi haijaharibika: imejaa vumbi.