Noti katika Sanduku la Marehemu

Hivi karibuni familia moja ya Temeke ilifika katika ofisi ya msikiti ikiwa na karatasi kuukuu iliyokutwa ndani ya sanduku la bibi yao, Allah amrehemu. Imeandikwa kwa Kijerumani: rupia moja, Daressalam, 1915. Mmoja alisema itupwe. Mwingine alidai kuwa ina thamani kubwa na kaka yao anataka kuificha. Mirathi ikasimama.

Kabla ya vita, noti za benki ya kikoloni zilichapwa Ujerumani. Rupia moja ilikuwa na heller 100, na humo ndimo tulimopata neno letu "hela". Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Kiingereza zikaifunga pwani na noti hazikufika tena. Mwaka 1915 benki ikaanza kuchapa noti za dharura hapa hapa Dar es Salaam, kama ilivyofanya miji mingi ya Ujerumani kwao. Mwaka 1916 sarafu za shaba zikatengenezwa katika karakana ya reli ya Tabora, na mwaka 1917 noti zikapigwa kwa mihuri ya mpira.

Kila noti ilikuwa ahadi ya kumlipa atakayeileta. Lakini Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na mwaka 1918 utawala wa Wajerumani ukamalizika. Mtoa ahadi akaondoka. Aliyeuza mazao yake kwa karatasi akabaki na karatasi.

Imamu aliwaeleza kuwa noti ile haidaiwi tena kwa rupia yake, ila wakusanyaji wa vitu vya kale hununua noti za namna hiyo. Basi ni mali: ithaminiwe, igawanywe pamoja na nyingine. Kisha akauliza, "Marehemu alikuwa na deni?"

Kimya kikatanda. Mjukuu mdogo ndiye aliyesema kuwa bibi alikuwa akikopa unga dukani, na daftari la mwenye duka lipo. Hakuna aliyekuwa amelikumbuka, ilhali deni hutangulia mirathi.

Walianza kwa kwenda dukani.

Ndugu Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni. Tuyaandike madeni yetu mbele ya mashahidi, familia ziyajue, na tuyalipe tungali hai. Ahadi yetu isije ikabaki karatasi mkononi mwa jirani.

Wabillahi tawfiq.