Greysia Polii na Wenziwe wa Uwanjani

Miongoni mwa michezo ichezwayo kwa raketi, sidhani kama uko umtakao mtu subira kupita mpira wa vinyoya wa wanawake wawili wawili. Kwani kwa wanaume pigo moja la nguvu aghalabu hukata maneno, ilhali kwa wanawake kinyoya hurudishwa na kurudishwa tena, mmoja akikaa karibu na wavu na mwenziwe nyuma wanaposhambulia, kisha wote wawili wakisimama ubavu kwa ubavu wanaposhambuliwa, hata pumzi zikaribie kuwaishia kabla ya pointi moja kupatikana. Asiyejua mwenziwe yuko wapi pasipo kugeuza shingo, huyo mchezo haujui bado. Ndiyo sababu sifa za mchezaji wa namna hii hazisimuliki peke yake, maana nusu ya riziki yake imo mikononi mwa mwingine.

Greysia Polii, binti wa Indonesia aliyezaliwa Jakarta mwaka 1987 na kukulia Manado, kaskazini ya kisiwa cha Sulawesi, aliyajua hayo kwa uchungu. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, alipokuwa akicheza na Meiliana Jauhari, mchezo huu uliendeshwa kwa makundi kwa mara ya kwanza. Na baadhi ya wachezaji, walipokwisha kujihakikishia kuvuka, wakaona heri kushindwa mechi ya mwisho ili wasikutane mapema na mahasimu wazito. Basi vinyoya vikaanzishwa wavuni makusudi, vikapigwa nje ya mistari, na watazamaji waliolipa viingilio vyao wakazomea. Wanawake wanane wakafukuzwa mashindanoni: wanne wa Korea Kusini, wawili wa China, na hao wawili wa Indonesia. Siwatetei, ila yafaa isemwe pia kwamba aliyetunga kanuni inayomfaidia mshindwa naye hakuwa na haki ya kustaajabu sana.

Mtu mwingine angalitundika raketi. Greysia akaungana na Nitya Krishinda Maheswari, wakatwaa dhahabu ya Michezo ya Asia huko Incheon mwaka 2014, na mwaka 2016 wakafika robo fainali mjini Rio de Janeiro. Kisha Nitya akaumia goti; na goti la mwenzio, katika kazi hii, ni kama goti lako.

Hapo ndipo, mwaka 2017, alipoletewa Apriyani Rahayu, kijana wa Konawe, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa kile kile, aliyezidiwa naye umri kwa takriban miaka 11. Mkubwa alikuwa na maarifa na tahadhari, mdogo alikuwa na miguu isiyochoka, na mwaka ule ule wakashinda mashindano ya Thailand na ya Ufaransa.

Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na mwaka mmoja wa kungoja si jambo dogo kwa mchezaji aliyekwisha kupindukia miaka thelathini. Waliingia wakiwa hawamo katika orodha ya wanaotazamiwa kushinda. Hata hivyo, tarehe 2 Agosti 2021, walikutana katika fainali na Chen Qingchen na Jia Yifan wa China, nchi iliyoitwaa dhahabu hiyo mara tano mfululizo tangu 1996 hadi 2012. Katika seti ya pili, kinyoya kikiwa hewani, nyuzi za raketi ya Greysia zikakatika; akatimka hadi mkobani pembeni, akachomoa nyingine, na muda wote huo Apriyani akaulinda uwanja peke yake, mpaka mwenziwe aliporudi na pointi ikawa yao. Wakashinda 21-19, 21-15. Indonesia ilikuwa imepata dhahabu za mchezo huu tangu Susi Susanti mwaka 1992, lakini ya wanawake wawili wawili ilikuwa haijapata kuiona hadi siku hiyo.

Greysia alistaafu rasmi Juni 2022, katika ukumbi wa Istora Senayan, Jakarta. Kufikia wakati huo Apriyani alikwisha kupewa mwenzi mpya, Siti Fadia Silva Ramadhanti, na safari hii yeye ndiye mkubwa; mwezi uliofuata wawili hao wakalitwaa taji la Malaysia.