Mpira wa vyuo Marekani: Timu 12 zatosha sokoni

Mwuza nyanya anajua kwamba siku malori yakiingia mengi, bei hushuka hata kama nyanya ni nzuri. Kanuni hiyo sasa inapimwa katika mpira wa vyuo vikuu vya Marekani, ule wa kubeba mkononi, ambao ni biashara ya mabilioni ya dola.

Kuanzia msimu wa 2014 bingwa alipatikana kwa mtoano wa timu 4 zilizochaguliwa na kamati. Msimu wa 2024 timu zikawa 12. Je, upanuzi huo una faida kwa mchezo?

Ubaya wa utaratibu wa zamani ulionekana Desemba 2023, Florida State iliposhinda mechi zote 13 na bado ikaachwa nje. Soko linalomfungia mlango mtu asiye na kosa haliaminiki.

Kwa upande huo mabadiliko yamesaidia. Ohio State ilishindwa mara 2 kabla ya mtoano wa kwanza wa timu 12, ikapangwa ya 8, kisha Januari 20, 2025, ikaifunga Notre Dame 34-23 mjini Atlanta na kuwa bingwa. Timu iliyoteleza mara moja au mbili sasa ina sababu ya kupigana mpaka mwisho wa msimu, na mashabiki wana sababu ya kununua tiketi.

Lakini ubora nao utazamwe. Katika raundi ya kwanza msimu huo, wenyeji walishinda mechi zote 4, kwa tofauti ya pointi 10 hadi 28.

Sasa tuje kwenye fedha. Mnunuzi mkuu wa matangazo ni ESPN, iliyo chini ya Disney, kampuni ambayo hisa zake zinauzwa New York. Mkataba wa zamani ulikuwa wa takriban dola milioni 470 kwa mwaka. Mpya, wa miaka 6 kuanzia msimu wa 2026, ni dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Mechi za mtoano zimetoka 3 hadi 11. Yaani mechi zimekaribia kuongezeka mara nne, fedha hazikufika mara tatu, ingawa mkataba wa zamani ulibeba pia mechi kadhaa za pembeni.

Na mgao si sawa. Katika mkataba huo mpya, ligi za Big Ten na SEC zinapata takriban asilimia 29 kila moja, zaidi ya nusu ya pato lote. Wadogo wanagombea makombo.

Wachezaji je? Ohio State na Notre Dame zilicheza mechi 16 kila moja, pungufu ya moja tu kwa zile 17 za msimu wa kawaida wa ligi ya kulipwa. Malipo ya moja kwa moja kutoka vyuoni yaliruhusiwa kuanzia Julai 1, 2025 tu.

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba timu 12 zilihitajika. Wanaotaka 16 au zaidi wakumbuke mwuza nyanya. Na mwekezaji mdogo, anapoambiwa kwamba pato limepanda, aulize kwanza bidhaa imeongezeka kiasi gani, kisha nani anashika kisu cha kugawia.