Kugombana Kazini Kunamuumiza Mgonjwa

Leo napenda kukueleza jambo lililonipata nilipoanza kazi katika zahanati moja ya kijijini, nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu. Nilikabidhiwa kwa muuguzi wa siku nyingi anifundishe kazi. Sote tulimwita Mama.

Wiki ya kwanza aliletwa mtoto wa miezi 10 mwenye kikohozi. Nilitoa saa, nikahesabu pumzi zake dakika nzima kama tulivyofundishwa. Zilikuwa 54. Mama akanikemea mbele ya watu, "Kijana, foleni imefika mlangoni, wewe unatazama saa!" Nikajibu kwa hasira kwamba chuoni hatukufundishwa kubahatisha. Mama akanyamaza. Nami nikanuna, nisiitaje ile 54. Mtoto akapewa dawa ya kikohozi, akarudishwa nyumbani.

Usiku akaletwa tena, kifua kikibonyea ndani kila avutapo pumzi. Ilikuwa homa kali ya mapafu. Tulimpeleka hospitali, akapona.

Nikajiona mshindi. Siku chache baadaye nikahesabu pumzi za mtoto mwingine wa umri ule ule, nikapata 56, nikaandika homa ya mapafu. Mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu si analia?" Akamwambia mzazi amnyonyeshe kwanza. Mtoto alipotulia tukahesabu tena: 38. Nikaona aibu. Jioni nikamwomba radhi, naye akakiri kuwa usiku ule wa mtoto wa kwanza hakupata usingizi.

Ewe unayeanza kazi, usibishane na mkubwa wako mbele ya wagonjwa, lakini usinyamaze mgonjwa akiwa hatarini. Nawe unayefundisha, mkosoe kijana faraghani, na umsikilize.

Nawe mzazi, jifunze kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa, akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 akifikisha 40 au zaidi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea, usingoje kupambazuke. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiugua, mpeleke mara moja.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika zahanati, nyasi ni mgonjwa.