Utani wa wateja ni taarifa ya soko

Mteja anayeita simu "kitochi" anatania, lakini pia anataja sababu ya kuinunua: tochi, na chaji inayokaa siku kadhaa. "Simu ya Mchina" nao ulikuwa utani wa bei nafuu, hadi Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia. Mwenye duka aliyejaza simu hizo alibaki na tochi zisizopiga simu.

Mfanyabiashara wa Mazwi, Sumbawanga, anashauriwa abonyeze *#06# kabla ya kulipia mzigo. Itatokea namba ya tarakimu 15. Ailinganishe na iliyo kwenye boksi. Wateja wakianza kuicheka bidhaa, asiongeze oda kabla ya kujua wanacheka nini.