Nanga Nzito Haiokoi Kizimba Chenye Wavu Mchafu

Kila kusi inapokaribia swali ni lile lile: "Nanga ya kilo ngapi itazuia kizimba cha samaki kisichukuliwe na dhoruba?" Tangu kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu Mei 2024, naulizwa hata na watu ambao bado hawajanunua wavu. Anayekuuzia nanga nzito kama dawa ya dhoruba anakuuzia chuma tu.

Kinachovuta kizimba ni maji yanayosukuma wavu, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: mkondo ukiongezeka mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Kome na mwani wakiganda hadi matundu yakaziba, wavu unageuka tanga. Hesabu ya nanga iliyopigwa kwa wavu safi haina maana tena.

Kisa cha Cypress Island, jimbo la Washington nchini Marekani, kingetosha kufunga mjadala huu. Agosti 2017 vizimba vya samoni vilisambaratika pale, na kampuni yenye vizimba ikalaumu maji makubwa ya kupatwa kwa jua. Watu wengi waliamini, na wapo wanaonisimulia hivyo mpaka leo! Jua lilipatwa tarehe 21. Vizimba vilianza kuvunjika tarehe 19. Isitoshe, jua halipatwi ila mwezi ukiwa mpya, na kila mwezi mpya una bamvua lake. Mvuvi wa Mafia anajua hilo bila kuambiwa, na majedwali ya maji kujaa na kupwa hutolewa mapema.

Ripoti ya taasisi tatu za jimbo, iliyotoka Januari 2018, ilisema maji ya siku ile hayakuwa ya ajabu. Cha ajabu kilikuwa kwenye nyavu: tani zipatazo 110 za kome na uoto mwingine. Julai vizimba hivyo hivyo vilikuwa vimeshahama na kukata baadhi ya nanga, lakini uchafu ukaachwa ukaendelea kurundikana. Kampuni ilipinga matokeo hayo. Ripoti ilikadiria samaki waliotoroka kuwa kati ya 243,000 na 263,000.

Nanga nzito ingesaidia nini hapo? Isiposogea, mzigo unahamia kwenye kamba, kisha pingu, kisha fremu, na kinachokatika ni kile dhaifu kuliko vyote. Ukiifunga kwa kamba fupi iliyokazwa umeharibu zaidi, kwa sababu kila wimbi linalonyanyua kizimba linakuwa mshtuko.

Ya kufanya, basi. Safisha au badilisha nyavu kabla ya kusi, si katikati yake. Funga kizimba kwa mtandao wa maboya na kamba zenye urefu wa kuyumba na wimbi. Badilisha pingu zilizolika. Vuna mapema samaki waliofikia soko. Sitisha chakula dhoruba ikitangazwa, maana samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi. Kwenye kina cha kutosha, chagua kizimba kinachozamishwa: wimbi lenye mita 60 kutoka kilele hadi kilele, ukishuka mita 15, mtikisiko unabaki kama moja ya tano ya ule wa juu. Dhoruba ikipita, shusha mpiga mbizi kabla ya kulisha.

Ukija kwangu na swali la nanga, njoo na picha ya wavu wako ulivyo chini ya maji wiki hii.