Bajeti ya 2016/17: Fedha za Huduma za Jamii na Njia Yake Hadi Katani

Tarehe 8 Juni 2016, Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Philip Mpango, aliwasilisha bungeni mjini Dodoma bajeti ya kwanza ya Serikali ya Awamu ya Tano, yenye jumla ya shilingi trilioni 29.5. Asilimia 40 ya fedha hizo ilitengwa kwa ajili ya maendeleo, ikilinganishwa na takriban asilimia 26 katika mwaka uliotangulia. Utekelezaji ulianza tarehe 1 Julai 2016. Kwa mkazi wa Nyamongo, Sirari, Mugumu au Natta, swali la msingi lilikuwa moja: je, matumizi hayo makubwa ya huduma za jamii yana manufaa gani kwake, na je, Taifa linayamudu?

Elimu bila malipo

Tangu Januari 2016, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, mwanafunzi halipi ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Serikali ilianza kwa kutoa shilingi bilioni 18.77 kila mwezi. Fedha hizo hufidia ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa na 70,000 kwa wa bweni, hugharimia mitihani na chakula cha wanafunzi wa bweni, na hulipa ruzuku ya uendeshaji wa shule.

Kwa shule ya msingi, ruzuku hiyo mwaka 2016 ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati yake, 6,000 zilipelekwa shuleni na 4,000 zilitumika kununua vitabu. Hivyo, shule yenye wanafunzi 500 ilipaswa kupokea shilingi milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikuwa kikubwa. Kilitosha chaki, karatasi na ukarabati mdogo, hakikujenga darasa.

Walikuwapo waliosema kuwa mpango huu umeleta msongamano madarasani na upungufu wa madawati. Msongamano ulikuwapo, na ndiyo sababu ya kampeni ya madawati iliyoendeshwa nchi nzima mwaka 2016. Hata hivyo, watoto waliofurika darasa la kwanza hawakuzaliwa Januari. Walikuwapo majumbani na malishoni, wakizuiwa na michango ambayo wazazi wao hawakuweza kuilipa. Katika kaya yenye uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu, aliyebaki nyumbani mara nyingi alikuwa binti. Darasa lililojaa ni tatizo linalotatuliwa kwa matofali. Mtoto aliyekosa miaka saba ya shule hawezi kurudishiwa miaka hiyo.

Wajibu wa mzazi haujaondolewa. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki mikononi mwake. Wananchi pia wanaweza kukubaliana kuchangia ujenzi kwa hiari na kwa kufuata utaratibu, lakini hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia.

Dawa na kaya maskini

Bajeti ya dawa, vifaa na vitendanishi ilipandishwa kutoka takriban shilingi bilioni 31 hadi bilioni 251.5. Sera ya afya inamtaka mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiye na uwezo watibiwe bila malipo. Kwa miaka mingi haki hiyo ilikwama kwenye dirisha la dawa, pale mgonjwa alipopewa cheti akanunue dukani. Msamaha wa malipo hauna maana ambapo hakuna dawa ya kutoa.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliosimamiwa na TASAF, ulikuwa umefikia kaya zaidi ya milioni 1.1 nchini mwaka 2016. Kaya zililipwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya malipo ilitegemea mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Waliouita mpango huu malipo ya uvivu hawakuwa na budi kuyatazama masharti hayo: bibi aliyelea wajukuu alilipwa zaidi wajukuu hao walipohudhuria masomo. Malalamiko kwamba baadhi ya waliosajiliwa si maskini yalikuwa ya haki, na uhakiki ulikuwa ukiendelea. Dawa yake ilikuwa mkutano wa kijiji kuwataja wahusika kwa ukweli, si kuufuta mpango.

Nani analipa?

Huduma hizi zinategemea makusanyo. Bajeti hiyo ilipunguza kodi ya mshahara katika ngazi ya chini kutoka asilimia 11 hadi 9, na iliweka Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii. Hatua ya pili iliigusa Serengeti moja kwa moja. Hofu ya wenye hoteli na kambi kwamba baadhi ya wageni wangechagua nchi jirani ilikuwa na uzito, na athari zake zilipaswa kupimwa. Lakini hoja ya Serikali nayo ilieleweka: mwananchi wa Mugumu hulipa kodi hiyo anaponunua bidhaa nyingi za dukani, na ni vigumu kumweleza kwa nini mtalii asamehewe.

Ikumbukwe pia kwamba bajeti ni makadirio. Makusanyo yakipungua, fedha za maendeleo ndizo huchelewa kwanza, kwa kuwa mishahara na deni la Taifa havisubiri. Kudai risiti katika duka la Tarime mjini au soko la Sirari ni sehemu ya kulipia dawa za zahanati.

Wajibu wa mkazi

Fedha zikifika, mkazi ana nafasi ya kuzifuatilia. Mapato na matumizi ya shule yanapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Kamati ya zahanati inapaswa kushuhudia dawa zinapopokelewa. Serikali ya kijiji inapaswa kusoma taarifa ya mapato na matumizi katika mkutano mkuu wa kijiji, unaofanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2016 halmashauri nayo ilipaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake na vijana, na diwani wa kata aliweza kuulizwa ni kiasi gani kimetolewa.

Mzazi anayejua fedha ambazo shule ya mwanawe inastahili kwa mwezi anaweza kuuliza zilipo. Asiyejua ataambiwa fedha hazijaja, naye ataondoka.